Kasha la Chumba Kisicho na Moto

Valea Nucului
Alhamisi, 14 Januari 2010

Mama Viorica,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa ila kompyuta.

Jumapili ulinikatikia njiani. Ulikuwa umesogea karibu na kamera, ukasema, "Filimon, kuna jambo nataka kukuambia," ukaganda mdomo wazi, skrini ikawa nyeusi, na harufu ya kuungua ikajaa chumba. Nikabaki na gilasi ya divai mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Jambo gani? Juzi kwenye simu nilikuuliza, ukasema utaniandikia, halafu kadi ikaisha kabla sijamaliza kukohoa. Basi na mimi naandika. Grișa anaondoka leo na basi lake, na ameapa kwamba Jumamosi utapata bahasha hii huko Italia, pale kwenye maegesho ya Padova, pamoja na jibini, mfuko wa jozi za mti wa uani nilizomenya mwenyewe, na chupa mbili za divai ya mwaka huu.

Nimelifungua kasha. Bodi kuu imekwisha: vile vikopo vidogo vilivyosimama juu yake vimevimba vichwa, viwili vimepasuka. Imekufa kwa joto. Lakini sikia kilichonishangaza. Feni zote mbili zimekabwa na sufu. Si vumbi, Tecla, ni sufu, nyuzi ndefu nyekundu zilizojisokota mpaka feni haizunguki. Nikamuuliza mama.

"Panya," akasema.

"Panya mwekundu, mama?"

"Tangu vita mimi nimeona panya wa kila rangi." Akaendelea kumenya viazi.

Pawa saplai, ile ya kulisha umeme, nzito kama tofali, ni nzima. Nimeisafisha kwa brashi yangu ya kunyolea, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake bila bodi, nikaifungia taa ya trekta iwe na mzigo wa kubeba. Ikavuma, taa ikawaka kutwa nzima juu ya meza ya jikoni, na umeme wake haukuyumba hata kidogo. Mama alipikia mwanga huohuo akalalamika unamuumiza macho.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kasha linabaki, pawa saplai inabaki, matumbo yote yanakuwa mapya. Makasha ya siku hizi ni bati jembamba, ukipiga chafya linabonyea. Hili nililipakata mapajani kwenye basi kutoka mjini Chișinău mwaka ule ulipoondoka, na mwanamke aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama nimebeba jokofu. Likirudi zima litakaa palepale lilipokuwa, kwenye chumba kikubwa, chini ya mazulia yako ya harusi yaliyotundikwa ukutani. Mama bado anashikilia kwamba mgeni hapokelewi jikoni.

Niambie lile jambo.

Filimon wako


Padova
Jumapili, 24 Januari 2010

Baba Viorica,

Barua yako nimeisoma nimesimama, katikati ya wanawake wenzangu wakigombania nafasi ya maboksi yao kwenye basi. Kila mmoja akauliza, "Nani kafa?" Nikawaambia kompyuta, wakaniombea. Chupa moja tu imefika. Grișa anasema ya pili ilivunjika mpakani. Ilivunjika ndani ya koo lake.

Lile jambo halikuwa kubwa, usilifikirie. Ni hivi tu: Renzo, mwanawe huyu bibi mzee wangu, Signora, anataka jibu langu kabla ya Pasaka. Anataka nisaini kumtunza mama yake miaka mingine miwili. Nimemwambia nitafikiri. Signora mwenyewe hasemi kitu. Miguu yake imekataa kabisa sasa, namtoa kitandani namweka kitini, namtoa kitini namrudisha kitandani, na katikati tunagombana kuhusu chumvi.

Sasa wewe na hilo kasha lako. Filimon, mume wangu, wewe ni fundi umeme mwenye akili zako, mbona una roho ya mwokota vyuma? Hapa chini ya nyumba kuna duka linauza mashine mpya, nyembamba, nyeusi, haivumi. Ningeweza kukuletea moja. Nimekosea, naweza kukutumia moja na Grișa.

Ila nijibu kitu kimoja, unijibu vizuri, si kwa mizaha. Hiyo mashine unaijenga idumu muda gani? Kama ni ya muda mfupi, usihangaike, weka kiraka tu inatosha.

Msalimie mama. Mwambie huyo panya mwekundu namjua, anapenda vitu vyangu. Najua bado ananiita "yule wako", na wala sina kinyongo. Soksi hizi ni zake. Aseme zimembana, lakini azivae.

Tecla


Valea Nucului
Alhamisi, 4 Februari 2010

Mke wangu,

Nimekuelewa. Miaka miwili si mingi, na Signora ni mtu mzuri kwako kuliko wengine tunaowasikia. Mashine ya dukani usiitume, hifadhi nguvu zako.

Umeuliza idumu muda gani. Miaka kumi, Tecla! Sijengi kiraka mimi. Viorica wetu amepata huko Chișinău bodi mpya, na kumbukumbu mara nne ya ile ya zamani, na kamera yenye macho makali kiasi kwamba nitakuona mpaka kovu la kidevuni. Hakuna tena kuganda mdomo wazi. Utakaa hapo na mimi nitakaa hapa, na itakuwa kama uko chumbani.

Kazi ni tamu. Plagi ya pawa saplai yetu ina pini ishirini, na bodi mpya ina nafasi ya ishirini na nne. Nilikaa nikaitazama siku nzima roho ikiniuma, nikidhani nitalazimika kuitupa, halafu nikasoma kijitabu cha bodi: inaruhusiwa, nafasi nne zinabaki wazi na mashine inakwenda. Kibati cha nyuma hakikulingana na matundu mapya, nikakikata kwa msumeno wa chuma, nikakilainisha kwa tupa, nikajichana kidole. Nyaya za kitufe cha mbele zilikuwa zimefutika majina, nikawa najaribu moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nimelisugua kasha kwa magadi mpaka limerudia rangi yake ya krimu. Mama alipita akasema, "Ungeisugua hivyo sufuria ya maziwa hata mara moja."

Kuhusu panya, hasemi. Nikitaja sufu anakumbuka kuku wanataka maji.

Sisi tuko sawa. Mama anakula, paa halivuji, mizabibu nimeshaipogoa upande wa juu. Usifanye haraka kwa ajili yetu. Amua unavyoona mwenyewe, na sisi tutafurahi.

Filimon


Padova
Jumapili, 14 Februari 2010

Filimon,

Nimepata barua. Miaka kumi. Vizuri.

Kwenye boksi kuna kahawa, tambi, dawa ya mama ya magoti, na shati lako. Shati nimelipunguza mikono.

Renzo anakuja Jumamosi kabla ya Pasaka kuchukua jibu.

Tecla


Valea Nucului
Alhamisi, 25 Februari 2010

Tecla,

Juzi Grișa kateremka na boksi la Viorica, na boksi la jirani, na kwangu mikono mitupu. Nikamwambia, angalia chini ya kiti. Akaangalia kunifurahisha. Hakuna barua. Jumapili nilikupigia kwa mashine mpya, ikalia, ikalia, hukupokea. Nikala chakula mbele yake, nikapiga tena. Sijui nimekosea wapi. Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi na kila nikiisoma inakuwa fupi zaidi. Kama ni maneno yangu kuhusu kovu la kidevu, nayaondoa. Mimi nalipenda lile kovu.

Nina habari, na nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama una hasira.

Wiki iliyopita, mashine ilipokamilika nilibonyeza kitufe, na kimya. Hakuna feni, hakuna taa. Nikapima, nikafungua, nikafunga, wapi. Nikaishiwa subira, nikasema basi, ni hii pawa saplai, imenidanganya na taa ya trekta, inakwenda kwenye chuma chakavu. Nikaitoa nikaiweka kizingitini. Mama akatoka chumbani kwake amebeba shali yako nyekundu. Ile uliyoifuma mwaka wa harusi, ile aliyosema nyekundu yake inapiga kelele. Ilikuwa imechanikachanika upande mmoja.

"Usiitupe hiyo," akasema. "Haina kosa. Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Nilikuwa namfunika."

"Unamfunika nani?"

"Yule wako. Mkimaliza kuongea unakimbilia jikoni kwenye moto, unamwacha humu. Chumba hiki hakina moto, Filimon. Kila Jumapili namwona shingo wazi, kiblauzi tu."

"Mama, Tecla yuko Italia. Kule kuna joto."

"Najua yuko Italia! Unaniona mwendawazimu? Najua alipo kuliko wewe unavyojua. Lakini mkono wangu haukukubali kufunga mlango bila kumfunika. Sasa niue."

Nikakaa chini palepale kizingitini. Mashine ilikuwa inavutia shali ndani kwa feni, Jumapili hadi Jumapili, mpaka ikakosa hewa ikaungua. Na kosa ni langu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa siizimi mpaka wakati wa kulala. Nilikuwa naiacha iwake nikidhani pengine utapiga tena.

Nilipotulia nikaichunguza upya. Ndani ya kasha kuna viguu vya shaba vinavyobeba bodi. Kimoja cha bodi ya zamani nilikisahau chini, mahali ambapo bodi mpya haina tundu, kikawa kinaigusa mgongoni na kukata umeme. Nikakifungua, nikarudisha pawa saplai mahali pake, nikabonyeza, na mashine ikaamka. Mama akajifanya hakushangaa.

Jumatatu ni tarehe mosi Machi. Kila mwaka, kwa mila yetu ya kuaga baridi, ulikuwa unafunga mwenyewe uzi mwekundu na mweupe kifuani na kuniambia nimesahau, na kweli nilikuwa nimesahau. Safari hii nimekusokotea mimi. Mweupe ni wa kondoo wa jirani. Mwekundu nimeutoa kwenye feni. Utakufikia siku mbili mapema, lakini uuvae.

Niandikie hata matusi.

Filimon


Padova
Jumapili, 7 Machi 2010

Bwana Filimon,

Hunijui. Mimi nakujua: wewe ndiye mwanamume mwenye masharubu aliyekuwa anajaa kwenye skrini ya jikoni kwangu kila Jumapili na kusema "Unanisikia?" zaidi ya neno lingine lolote. Naandika Kiitaliano, kwa mkono unaotetemeka. Tecla anasema lugha yenu na yetu ni za ukoo mmoja, basi soma polepole na usisingizie kwamba hukuelewa. Yeye hajui kama nakuandikia. Nimemwambia dereva apande mwenyewe kuchukua boksi, na barua nitamtilia mfukoni.

Mwezi wa Desemba Tecla aliniambia, "Signora, Pasaka narudi nyumbani, na sitarudi tena huku." Nililia siku mbili, kisha nikafanya la maana, nikamwambia atafute mtu. Amempata Lidia, wa kwenu huko Soroca. Anapika vibaya lakini mikono yake ni mizuri, hainiumizi anaponigeuza. Tulishakubaliana. Ilibaki kukuambia wewe, na alitaka kukuambia akikutazama usoni. Jumapili ile alivaa hereni. Akafungua mdomo, na mashine yako ikafa.

Akasema si kitu, atakuuliza kwanza kwa njia ya kuzunguka aone kama unamtaka. Nikamwambia wanaume hawaelewi mambo ya kuzunguka. Hakunisikia. Na wewe ukamjibu kwamba unamjengea mashine ya miaka kumi, na kwamba asifanye haraka, na kwamba mko sawa.

Aliisoma barua yako hapa mezani. "Ananitengenezea mahali pa kunitazama kwa miaka kumi, Signora," akasema. Kisha akapiga pasi shati lako lilelile mpaka nikamwambia litaungua.

Nikueleze kitu, Bwana Filimon. Mwanangu Renzo ananipenda, Mungu ni shahidi. Kila Krismasi ananiletea mashine. Ya kumwona yeye nikiwa kitandani, ya kupima moyo, ya kupiga kelele nikianguka. Nyumba imejaa mapenzi yake, na kwenye kiti chake cha mezani tunaweka nguo za kupiga pasi, kwa sababu hakikaliwi na mtu.

Jumapili mbili sasa mashine inalia jikoni na Tecla anakwenda kuosha vyombo vilivyo safi. Huo uzi wako ameupokea. Ameuvaa ndani ya nguo, nisiuone. Barua iliyokuja nao ameisoma, amecheka mahali, amelia mahali, kisha akasema, "Mama yake ananitaka. Yeye bado hajasema."

Mimi sina faida yoyote kukuandikia haya. Akibaki, nitakufa nikishikwa mkono na mtu ninayempenda. Lifikirie hilo unaposoma. Hajasaini bado. Kama humtaki, sema wazi nimchukue mimi. Kama unamtaka, mwombe arudi. Mwanamume mzima, huna kalamu?

Bruna Zanella


Valea Nucului
Alhamisi, 11 Machi 2010

Tecla,

Rudi.

Naliweka neno hilo juu ya barua lisije likapotea kati ya nyaya na skrubu, maana nimegundua naandika sana kuhusu nyaya na skrubu. Rudi nyumbani. Nakutaka hapa. Nilikutaka mwaka jana na mwaka juzi na siku ile niliporudi kutoka kituo cha basi nikakuta kikombe chako bado kina maji.

Usiulize nani kaniambia, na usimgombeze. Ana haki ya kunitukana.

Uliniuliza mashine idumu muda gani, nikadhani unataka kubaki na unataka mashine nzuri ya kubakia. Mjinga ni mimi. Miaka kumi niliyosema ni ya bodi, si yako. Nilifikiri: kama anaamua kukaa huko, basi angalau asione aibu kwa sura yangu iliyokatikakatika, angalau nimpe kitu kizuri kwa mikono yangu. Nikakaza roho, nikaandika tuko sawa. Nilikuwa najigamba kama jogoo huku natamani kulia.

Na kwa nini sikukuita mapema? Nikuambie. Gesi ya jikoni, paa, masomo ya Viorica, hata taa hii ninayoandikia, vyote vimetoka kwenye mgongo wako. Nilikuwa najiuliza mimi ni nani hata nimwambie mtu anayebeba nyumba nzima aache, aje akae na mimi. Niliona kukuita ni kukuongezea mzigo. Sikujua kwamba kutokuita nako ni mzigo, tena huo unaubeba peke yako.

Sasa nayafuta niliyoandika. Hatuko sawa. Mama anakula kwa sababu namkaripia. Mimi nala nimesimama, kwenye sufuria, na vitanda vya maua chini ya dirisha havijapandwa kitu tangu ulipoondoka kwa sababu sijui ulikuwa unaanza na nini. Paa kweli halivuji. Hilo lilikuwa la kweli.

Mashine inafanya kazi vizuri, lakini sijakupigia Jumapili hii na sitakupigia. Nataka haya uyasome kwenye karatasi, ambayo haigandi. Tuliongea miaka yote hii kupitia lile kasha na nikihesabu nilichowahi kukuambia ni kwamba nakusikia, au sikusikii.

Mwaka huu Pasaka ya Wakatoliki wa huko na yetu ya Kiorthodoksi ni siku moja. Grișa anasema basi la wiki ile limejaa maboksi, lakini atakuwekea kiti mpaka dakika ya mwisho. Ukiwa umekwisha kuamua kubaki, nitaelewa. Ila sitasema nimefurahi.

Mama kaja sasa hivi kuuliza naandika nini kwa muda wote huo. Nimemwambia. Amesema nikuandikie kwamba soksi hazimbani.

Filimon


Valea Nucului
Jumanne, 13 Aprili 2010

Mpendwa Signora Bruna,

Barua hii anakuletea Grișa, na safari hii nimempa chupa yake mwenyewe ili yako ifike.

Najua Jumapili tuliongea, lakini ulikuwa unapiga kelele sana kumfundisha Lidia jinsi ya kusogeza kamera kiasi kwamba sikupata kukuambia mambo. Tena nilikuona umekonda. Mwambie Lidia chumvi kidogo si dhambi, daktari mwenyewe alisema kidogo. Na Renzo kweli alikaa kwenye kiti chake? Nguo za kupiga pasi mliziweka wapi?

Nilifika Jumatano kabla ya Pasaka, asubuhi, na mvua. Filimon alikuwa amesimama kituoni amevaa shati nililopunguza mikono. Nimelipunguza mno, Signora, anaonekana kama mvulana aliyekua kuliko shati lake. Alichukua begi langu, akalishusha, akalichukua tena. Nikamwambia, "Unanisikia?" Hapo ndipo akacheka, akanishika, na Grișa akapiga honi mpaka majirani wakatoka.

Mama mkwe alinipokea mlangoni. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa, kumbe ile mashine inapunguza watu." Ndiyo salamu niliyopata. Lakini kitandani kwangu kulikuwa na mto mpya wa manyoya ya bata, na hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayejua kushona mto.

Jana ilikuwa siku yetu ya kwenda makaburini, kula na kunywa na wafu wetu na kugawa mayai mekundu. Kijiji kilijaa. Wengi ni kama mimi, wamerudi kwa siku chache, na kila mmoja alikuwa ananiuliza unaondoka lini. Nilipojibu siondoki, wengine walinikumbatia na wengine wakageukia mayai yao. Na mimi naogopa, Signora, sitakuficha. Sijui tutaishije. Filimon anasema watu wameanza kumletea mashine zao zilizokufa, kwa sababu wamesikia ile yetu ilifufuka, na pale kizingitini nimeruka makasha mawili leo asubuhi. Tutaona.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni kile ambacho hukukiona.

Unakumbuka Jumapili tulikuwa wote watatu mbele ya kamera, Filimon, mama mkwe na mimi, kwenye chumba kikubwa. Ulisema umeyapenda mazulia. Kasha lenyewe hukuliona, liko pembeni, la rangi ya krimu, zito, linavuma kama zamani. Kisha ukatuaga, picha ikazimika, na Filimon akaondoka kwenda kuchochea jiko, kama kawaida yake. Mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nafikiria kwamba wakati ule Lidia anakutoa kitini, na kwamba sijui kama anakumbuka kuushika mguu wa kushoto kwanza.

Mama mkwe akafungua sanduku langu la harusi, akatoa ile shali nyekundu. Ameishona upande uliochanika, kwa uzi mweusi, kwa sababu mwekundu hakuupata. Filimon alikuwa anarudi na kuni mikononi, akaiona shali, akaziachia kuni zote sakafuni.

"Mama! Mashine! Siyo juu ya mashine, nakuomba!"

Alimpita, akalipita kasha, akaja nyuma ya kiti changu, akanifunika mabegani, akanivutia ncha zote mbili mpaka shingoni, akazibana kwa mkono wake.

"Chumba hiki hakina moto," akasema.

Akasimama hapo ameishikilia. Filimon akainama kuokota kuni, akawa haokoti, amechutama tu anatuangalia. Halafu mama mkwe akaniambia nitoke humo, nije jikoni, supu inapoa, na akamwambia Filimon azime hiyo mashine.

Filimon akaizima. Tukaenda kula.

Jumapili saa zilezile nitakupigia. Vaa kitu shingoni, maana mama mkwe alisema nawe alikuona shingo wazi.

Tecla wako